Chuo, Skuli na Barua za Bibi



Kamati ya matayarisho iliponitaka niandike kurasa chache za historia kwa ajili ya kijitabu cha mkutano wetu, ilinipendekezea habari za safari yetu kutoka Unguja hadi Uingereza. Niliomba radhi. Habari hizo zimekwisha kuandikwa katika vijitabu vilivyotangulia, tena na watu wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mimi nimekuwa mtumishi wa serikali maisha yangu yote: kwanza mwalimu wa darasa la kwanza, kisha afisa mdogo wa elimu huko nyumbani, na baada ya kuhamia huku mwaka 1991, karani katika halmashauri ya mji mpaka nilipostaafu. Nilichokishuhudia kwa karibu ni namna mtoto mdogo anavyokalishwa, akaonyeshwa herufi, akawa msomaji. Nitaeleza hayo, na katika kuyaeleza nitalipa deni moja nililo nalo kwa bibi yetu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Vijana wetu waliozaliwa huku wakisikia neno "chuo" hufikiri Chuo Kikuu. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa ni kitabu, na ndiyo maana mtu aliyebobea katika elimu tunamwita mwanachuoni. Sisi tulipokuwa watoto neno hilo lilikuwa na maana moja tu: baraza ya nyumba ya maalim, jamvi lililochakaa, na sauti za watoto wasiopungua thelathini, kila mmoja akisoma mahali pake mbali na mwenzake, kwa wakati mmoja. Mgeni aliyepita njiani aliona ghasia. Maalim alikuwa akisikia kila kosa.

Nilipelekwa chuoni mwaka 1964, nikiwa na umri wa miaka mitano, miezi michache baada ya Mapinduzi. Mama alinishika mkono mmoja, na mkono wa pili alibeba sahani ya visheti kwa ajili ya wenzangu. Hapakuwa na kengele wala daftari la mahudhurio. Mtoto aliyefika alimwamkia maalim, akambusu mkono, akachukua ubao wake na kwenda kukaa kwa mwanafunzi mkubwa aliyepangiwa. Maana maalim hakumfunza kila mtoto kwa kinywa chake. Waliotangulia waliwasomesha waliofuata, na yeye aliwasikiliza waliotangulia. Ubao uliandikwa kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, na ukimaliza somo uliuosha ukaandikiwa jingine. Mtu hakuruhusiwa kuosha ubao kabla ya kulijua alilokuwa akiliosha.

Mpango wa masomo haukuwa umeandikwa popote, lakini haukubadilika. Kwanza mtoto alijua majina ya herufi. Kisha alizisoma pamoja na irabu zake: be fataha ba, be kasra bi, be dhumma bu, te fataha ta, te kasra ti, te dhumma tu, akaendelea hivyo mpaka mwisho, siku hadi siku, kwa mahadhi ambayo hata leo nikiamshwa usiku nitaweza kuyaendeleza. Halafu aliunganisha herufi mbili, kisha tatu. Ndipo alipotiwa katika juzuu ya Amma, nayo ilianzwa kwa sura fupi za mwisho, akapanda polepole kuelekea zilizo ndefu. Mtoto mwenye hafidha kali aliweza kuzisoma sura hizo kwa moyo huku macho yake yako kwenye paka barazani. Maalim wetu alilijua hilo. Alikuwa na ufito mwembamba, akiutua katikati ya ukurasa, popote, na kusema, "Hapa." Asiyejua kusoma aliumbuka hapo hapo.

Sitaki kukipamba chuo. Ufito ule haukuwa kwa kazi ya kuonyeshea tu, na mimi mwenyewe nimeukimbia zaidi ya mara moja. Tena maana ya tuliyoyasoma hatukuelezwa mpaka tulipokuwa wakubwa, na wengi wetu waliacha kabla ya kufikia umri huo. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wakisema kwamba watoto wa chuoni husoma kama kasuku. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, na nitairudia baadaye, kwa sababu nimeishi muda wa kutosha kuiona ikipata jibu ambalo sikulitazamia.

Walichokisahau maofisa hao ni kwamba herufi zile zile zilikuwa zikiandika Kiswahili. Ziko barua za Kiswahili za watu wa Kilwa, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 18, ambazo zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za Wareno huko Goa. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, katika maandishi hayo hayo. Wafanyabiashara waliandikiana hati, wagonjwa waliandika wasia, na kinamama waliandikiana habari za harusi. Mtoto aliyekwisha kujua be fataha ba aliweza kuandika "baba" bila ya kufunzwa jambo jipya.

Unguja ikawa chini ya hifadhi ya Waingereza mwaka 1890. Kabla ya hapo wamisionari walikwisha anza kupiga chapa Kiswahili kwa herufi za Kizungu. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alichapisha kitabu chake mashuhuri cha kufundishia lugha mwaka 1870. Serikali ilianzisha idara ya elimu mwaka 1907 chini ya Rivers-Smith, yule aliyekwenda baadaye kuiongoza idara ya elimu ya Tanganyika. Serikali ilitaka makarani, na karani alitakiwa aandike herufi anazoweza kuzisoma bwana mkubwa wake. Basi skuli za serikali zikachukua herufi za Kizungu, na mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, Kiunguja chetu kilifanywa Kiswahili sanifu katika maandishi hayo. Ilikuwa ni heshima kubwa kwa lugha ya mji wetu. Wakati huo huo maelfu ya watu wa mji huo huo, waliokuwa wasomaji usiku, waliamka asubuhi wakiwa katika vitabu vya serikali ni watu wasiojua kusoma.

Wazazi wa mashamba hawakuzikimbilia skuli hizo. Tumeelezwa mara nyingi kwamba waliogopa watoto wao wasije wakabadilishwa dini, na bila ya shaka wako waliolihofia hilo. Lakini mimi niliyekaa katika ofisi ya elimu naona pia sababu nyepesi zaidi: saa za skuli ziligongana na saa za chuo, na mzazi aliyelazimika kuchagua alichagua chuo. Serikali ilipokubali hatimaye kuwaingiza walimu wa Kurani katika skuli za mashamba na kuipa Kurani nafasi ndani ya ratiba, mambo yalianza kulainika. Mtu kama Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982, alikuwa ni mwalimu wa skuli za serikali kabla ya kuwa Kadhi. Kwake yeye ubao wa chuoni na ubao mweusi wa skuli havikuwa na ugomvi.

Kwa wasichana njia ilikuwa nyembamba zaidi. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini mwaka 1927. Wako akina baba waliokataa kata kata, na hoja iliyotajwa barazani, nami nimeisikia kwa wazee masikioni mwangu, ilikuwa kwamba msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Naomba msomaji aishike hoja hiyo, kwani itatufaa mbele.

Mimi niliingia skuli mwaka 1966. Kwa wakati huo elimu ilikuwa haina malipo, kwa tamko la Mzee Karume la tarehe 23 Septemba, 1964, na darasa la kwanza lilijaa hata madirishani. Asubuhi tulipanga mistari uwanjani. Mwalimu alipita akitazama kucha, meno na kola za mashati, na aliyekuja na kucha ndefu alirudi mwisho wa mstari kuzikata kwa meno yake. Tuliingia kwa wimbo, tukaitwa majina, kila mmoja akaitika. Kisha mwalimu aliandika ubaoni a e i o u, tukasoma. Akaandika ba be bi bo bu, tukasoma. Nilishangaa. Nilimwambia mama siku hiyo hiyo kwamba mwalimu wa skuli anasomesha chuo, ila ameongeza sauti mbili. Mama alicheka sana. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na aliniambia nisiseme hivyo mbele ya mwalimu mkuu.

Hesabu tulijifunza kwa vijiti na kokwa za embe zilizokaushwa. Vitabu vilikuwa vichache, watoto watatu kwa kitabu kimoja, na mtoto aliyekaa upande wa pili wa meza alizoea kusoma herufi zikiwa juu chini. Nina binamu yangu mmoja, yuko Leicester, anayeweza mpaka leo kusoma gazeti la mtu aliyekaa mkabala naye katika treni. Adhuhuri tulirudi nyumbani, tukala, na baada ya sala ya alasiri tukawa barazani kwa maalim. Hatukuona kama tunabeba mizigo miwili. Siku ilikuwa ndivyo ilivyo.

Sasa nije kwenye deni langu.

Mwaka 1979, nikiwa mwalimu kijana wa miaka 20, nilitakiwa pamoja na wenzangu kupita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha watu wazima wasiojua kusoma, ili waanzishiwe madarasa. Ilikuwa kazi njema, nami sijutii madarasa yale. Nimeona wavuvi wakipata furaha ya kusoma barua za watoto wao. Nilipewa daftari lenye safu. Safu moja ilikuwa na swali: anajua kusoma na kuandika? Tulielekezwa kwamba kusoma ni kusoma kwa herufi za kawaida, na hakuna mmoja wetu aliyeuliza ni kawaida ya nani.

Nyumba ya bibi ilikuwa katika mtaa wangu. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, msahafu uko juu ya marfaa mbele yake, naye anasoma. Nilingoja amalize. Nikamuuliza umri, akanitajia mwaka wa kimbunga alichohadithiwa na mama yake, nikakisia. Kisha nikajaza safu ile bila ya kumuuliza. Niliandika "Hapana."

Aliniuliza nimeandika nini. Nikamwambia. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Andika utakalo, mjukuu wangu, kalamu ni yako." Halafu akanipa chai na mkate wa kumimina, na tukazungumza habari nyingine. Bibi alifariki mwaka 1986. Jambo hilo hatukulizungumza tena.

Nilipokuja huku sikutazamia kwamba nitarudi katika darasa la watoto wadogo. Lakini watoto walizaa, na babu aliyestaafu ndiye anayepeleka na kuchukua wajukuu skuli. Nilipata kualikwa nikae nyuma ya darasa asubuhi moja. Watoto wa miaka mitano walikaa juu ya zulia, miguu wameikunja, sawasawa na jamvini. Mwalimu aliita majina, wakaitika. Kisha akanyanyua kadi yenye herufi moja, na darasa zima likatoa, si jina la herufi, bali sauti yake. Wanaanza aghalabu na s, a, t, p, i, n, kwa kuwa herufi hizo sita hutunga maneno mengi mafupi. Wakishajua sauti, huziunganisha. Nilikaa kimya nikisikia be fataha ba kwa Kiingereza.

Nilisoma baadaye historia ya jambo hilo. Waingereza wamebishana miaka mingi kama mtoto afunzwe neno zima kwa kulitazama au sauti za herufi moja moja. Mwaka 1998 waliweka saa moja kamili ya kusoma na kuandika kila siku katika skuli za msingi za Uingereza. Mwaka 2006 ripoti ya Jim Rose, iliyoandikwa kwa ombi la serikali, ilielemea upande wa sauti, na tangu mwaka 2012 kila mtoto wa mwaka wa kwanza hupimwa kwa maneno 40. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Nusu ya maneno hayo, yaani 20, hayana maana yoyote. Yametungwa makusudi yasiwe na maana, ili mwalimu ajue kama mtoto anasoma kweli au anakisia kwa kumbukumbu. Ni ufito wa maalim wetu ukitua katikati ya ukurasa. Kasuku hawezi kusoma neno ambalo hajalisikia. Kumbe sauti ni mlango na maana ni chumba, na kosa la chuo chetu lilikuwa ni kuwaacha wengi mlangoni; kuwapitisha mlangoni hakukuwa kosa.

Wala si kweli kwamba chuo hakikuweza kubadilika. Huko Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, mwalimu wa siku nyingi, alianza kwa msaada wa Shirika la Aga Khan kuwafunza kinamama wa mitaani kuendesha madarasa ya watoto wadogo ndani ya madrasa zenyewe: mtoto anapata Kurani yake, na pia anahesabu kwa makombe ya pwani, anapanga vifuu na vizibo, anachora, anacheza na anaelezwa hadithi kwa lugha yake. Unguja ilipata kituo chake mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Niliyatembelea madarasa hayo mwishoni mwa utumishi wangu nyumbani. Sikuona ufito.

Ndugu zetu wa Maskati nao wana sura yao katika historia hii, ambayo ningependa mmoja wao aiandike. Oman kabla ya mwaka 1970 ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa, zote za wavulana, na milango ilipofunguliwa watu waliosomeshwa Unguja walihitajika sana maofisini na madarasani. Mimi sina ujuzi wa kuyaeleza zaidi ya hapo.

Katika mkutano wetu wa mwaka 2023, wajukuu wa babu yetu wa Mombasa, yule kaka yake bibi aliyekwenda kufanya kazi bandarini, walikuja na bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na barua 11 zilizokutwa katika sanduku la babu, zimefungwa kwa utambi. Walinikabidhi mimi kwa kuwa ndiye niliyeonekana kuwa mtu wa karatasi. Zote zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na irabu zake zimetiwa vizuri. Hati ni ya bibi.

Wakati ule nilikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, ninangoja kufanyiwa operesheni, na maandishi membamba nilikuwa siyaoni. Mjukuu wangu wa kike alikuwa na umri wa miaka minane. Mchana anasoma skuli, jioni tatu kwa wiki anakwenda madrasa, na Kiswahili chake ni cha kuombea chakula. Nilimweka karibu na dirisha nikamwambia asome kama anavyosoma juzuu, asijali maana.

Alianza. Herufi za Kiarabu hazina e wala o. Kasra hufanya kazi ya i na e, na dhumma hufanya kazi ya u na o, na msomaji hupambanua kwa kuijua lugha. Yeye hakuijua, basi alisoma yaliyoandikwa. Alisoma "wiwi", nikasema "wewe". Alisoma "muyu wangu", nikasema "moyo wangu". Alifika mahali akasoma, kwa sauti ya wazi kabisa, "ninakuumba", nikacheka mpaka nikatoa machozi, maana bibi hakuwa akimuumba kaka yake bali akimwomba. Tuliendelea hivyo kwa saa nzima, yeye akinipa sauti na mimi nikimpa maana. Hakuna kati yetu sisi wawili aliyeweza kuisoma barua ile peke yake.

Barua ya kwanza ni ya mwaka 1362 wa Hijra, yaani 1943. Bibi anamwomba kaka yake amwandikie mumewe, babu yetu, kwa sababu mumewe anamsikiliza yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Binti yake amefikia umri wa miaka minane na amekwisha maliza juzuu ya Amma. Anataka aingizwe katika skuli ya wasichana. Mumewe amekataa, na sababu aliyoitoa ni ile niliyowaomba muishike: msichana atajua kuandika barua. Bibi haelezi lolote juu ya hoja hiyo. Anaendelea tu na barua yake, anatoa salamu, na anamkumbusha kaka yake ule ubao waliokuwa wakiutumia pamoja uani, alipokuwa akimfunza kuandika baada ya chuo, kwani wasichana chuoni walifunzwa kusoma na aghalabu waliishia hapo.

Katika barua ya pili anashukuru. Babu wa Mombasa aliandika, na mumewe amelainika kwa sharti kwamba binti asindikizwe kwenda na kurudi. Binti huyo ni mama yangu. Alisoma, akawa mwalimu wa darasa la kwanza, akanizaa, akanipeleka chuoni na skuli, na mimi nikawa mwalimu, nikapewa daftari lenye safu.

Barua ya nne ni ya mwaka 1945. Mwisho wa ukurasa, chini ya salamu, kuna maandishi yaliyopinda, makubwa, kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Mjukuu wangu aliyaona kabla yangu, kwa kuwa ndiyo pekee katika ukurasa ule aliyoyazoea. Ni jina la bibi kwa herufi za Kizungu. Juu yake bibi ameandika kwamba mtoto anaporudi skuli jioni humkalisha na kumfunza, naye humtii kama alivyokuwa akimtii maalim. Basi jibu nililoliandika mwaka 1979 lilikuwa si la kweli hata kwa kipimo cha daftari lenyewe.

Najua kwamba mkutano huu utajadili kama darasa letu la Jumamosi la watoto wadogo liendelee au lifungwe. Wazazi wanasema watoto wana skuli, wana madrasa, wana mpira, na Kiswahili kimekuwa mzigo wa tatu. Nimeketi katika darasa hilo na nakiri kwamba tumeliendesha vibaya, tukiwapa watoto orodha za maneno ya kuhifadhi, majina ya wanyama ambao hata sisi hatujawaona. Naomba kabla ya kura ipigwe turuhusiwe kufanya jaribio moja, asubuhi ya siku ya pili. Watoto wetu wanajua sauti za herufi za Kizungu kutoka skuli, na wanajua herufi za Kiarabu kutoka madrasa. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba zote mbili zinaandika lugha ya bibi zao. Nimepiga nakala za barua zote 11, kwa maandishi makubwa. Kila mtoto atakaa na mzee mmoja. Mtoto atasoma, mzee atasikiliza. Tutaanza saa tatu asubuhi, na itatosha nusu saa, kwani mtoto wa miaka sita hakai zaidi ya hapo bila ya kutazama paka.

Mzee atakayepewa barua ya tatu namwomba msaada. Bibi anamtaja mtu aliyekuwa akizichukua barua zake kwa jahazi hadi Mombasa, akimshukuru kwa uaminifu wake, lakini mchwa wamekula nukta za herufi ya mwisho ya jina lake. Likiwa na nukta tatu juu ni Harith, likiwa na nukta moja chini ni Harib. Kama yupo kati yenu anayekumbuka kusikia nyumbani kwao habari za nahodha au baharia wa jina hilo katika miaka hiyo, aje anione mezani.